Jicho la Upinde

Siku ya hitima ya Zafarani, sinia zilipokwisha kuondolewa na wasomaji kwenda zao, alikuja kijana mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi akasimama mlangoni mwa chumba nilimokaa. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na kidevu cha Bibi Mwanahawa, kidevu cha mtu aliyezoea kungojwa, na kwa umri wake hakuweza kuwa mwingine ila mjukuu wake. Akavua viatu, akainama, akasema, "Shikamoo, bibi." Nikakaa na neno hilo kidogo kabla ya kuliitikia. Watu wa siku hizi hulitoa hata kwa muuza maji, lakini mimi nimelijua tangu lilipokuwa na uzito wake wote wa kushika miguu ya mtu. Nililisema kila asubuhi mbele ya kitanda cha bibi yake, naye aliitikia au hakuitikia, kwa kadiri alivyolala. Sasa mjukuu wake ameniletea mwenyewe mpaka kizingitini. "Marahaba," nikamwambia, nilipokuwa tayari.

Alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa akienda. Alinipa pole, akamsifu marehemu, akauliza hali ya magoti yangu. Kisha akasema ameambiwa kwamba Zafarani ameacha upinde wa fidla, wenye pembe na fedha, na kwamba fidla yenyewe iko kwao, inaning'inia ukutani tangu enzi za bibi yake. "Naona ni haki vitu hivi viwili vikae pamoja," alisema. "Vilitoka nyumba moja." Upinde ulikuwa mapajani mwangu wakati huo huo, ndani ya leso ya Zafarani, maana mjukuu wa kike wa marehemu alikuwa amenikabidhi asubuhi ile. Kijana hakuuona. Nikamwambia aketi anywe kahawa, nitamjibu. Nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa kahawa ilikuwa inapoa. Hapa nayaandika yale mengi.

Sitaandika nilizaliwa wapi wala na nani. Waliokuwa wakiniuliza habari hizo zamani walitaka kujua nina thamani gani, na siku zao zimepita. Jina langu ni Faida. Aliyenipa alisema wazi alichokitaka kwangu, nami nimebaki nalo kwa makusudi, kwa kuwa faida yenyewe nimeila mimi. Naanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya mawe ya Bibi Mwanahawa, hapa hapa Bagamoyo, mwaka wa mwisho kabla ya Wadachi kuja kutweka bendera yao. Tulilala humo mimi na Zafarani, wote wawili wasichana wakubwa, wote wawili watumwa wa nyumba, pamoja na mitungi, kinu, na magunia ya tende na papa mkavu. Ukiingia kutoka nje harufu ilikutoa machozi; ukikaa ndani ulinuka vivyo hivyo na hukujua. Chakula chetu kilikuwa ukoko wa wali wa wenye nyumba na mchuzi uliobaki, na Zafarani alikuwa na ufundi wa kuulainisha ukoko kwa tui mpaka ukawa chakula cha watu. Nimekula kwenye karamu nyingi tangu hapo na bado naukumbuka ukoko ule. Dari ilikuwa ya boriti na chokaa yake imebanduka, kwa hiyo mazungumzo ya ukumbi wa juu yalitufikia yote tukila. Mabibi wa nyumba za mawe waliamini kwamba mtumwa hasikii mpaka aitwe.

Ndivyo nilivyosikia habari yangu mwenyewe. Bibi alikuwa na wageni, na mazungumzo yalikuwa juu ya arusi ya binti yake wa pekee, Mwana Esha. "Itapigwa fidla," alisema. "Kama wanavyopigiwa wakubwa kule Unguja."

"Upande wa wanaume, labda," akasema mgeni mmoja.

"Upande wetu."

"Na huyo mwanamume ataingiaje ndani?"

"Haingii mwanamume. Nitamfundisha mmoja katika watu wangu. Yule Faida ana vidole. Hupiga zeze la Wanyamwezi uani akidhani nimelala."

Zafarani aliacha kutafuna akanitazama vidole. Nami nikavitazama. Vilikuwa na masizi, na ukucha mmoja umevunjika, na sikuona kitu ndani yake cha kumfanya mtu ajisifu mbele ya wageni. Lakini kesho yake niliitwa juu nikapewa fidla, na tangu hapo kila baada ya adhuhuri nikaondolewa kazi ya kutwanga.

Mwalimu wangu alikuwa Mgoa aliyepanga chumba cha mbele, fundi wa kushona majoho, jina lake Kaitano. Bibi alikuwa ameichukua fidla kwa fundi huyo. Kaitano aliketi barazani upande wake wa pazia, mimi katika ukumbi wa chini upande wangu, na kati yetu akawekwa bikizee wa kulinda heshima, ambaye alisinzia kabla sijashika hata uzi mmoja. Fidla ilikuja bila upinde. Wakati wa masika mchwa walikuwa wameingia katika sanduku la Kaitano, wakaula upinde wote, wakaacha parafujo yake ya shaba. Nilipompelekea Bibi habari hiyo alikuwa akipakwa hina, hakutaka kusumbuliwa. "Fidla nimeshaitoa," alisema. "Huo upinde utajua mwenyewe." Maneno hayo niliyashika vizuri. Watu wenye watumwa wengi husema mambo mengi bila kuyafikiri, na aliye chini hana budi kuyafikiri kwa niaba yao.

Kwa hiyo mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa ya kitu kisichokuwapo. Kaitano aliutaja upinde kutoka nyuma ya pazia, kipande kwa kipande, kwa Kiswahili chake cha polepole. Kwanza fimbo, nyembamba, yenye kupinda na kurudi. Ncha yake ivikwe kipande cha pembe, "kwa sababu siku moja utaigonga ukutani, na mbao tupu itapasuka." Mahali pa kushikia pazungushiwe uzi wa fedha, upate uzito mkononi. Chini kabisa kiwekwe kisigino, kipande cha mti mgumu mweusi, ambamo nywele huingia zikafungwa, na parafujo huzikaza.

"Halafu jicho," akasema.

"Jicho la nini, fundi?"

"Duara la lulumizi, ule mng'ao wa ndani ya kombe. Unalitia pembeni mwa kisigino."

"Linafanya kazi gani?"

Alifikiri. Nilisikia mkasi wake ukisimama. "Halifanyi kazi," alisema. "Upinde wa kujifunzia hauna jicho. Upinde wa mpigaji unalo."

Nikaamua pale pale, wakati sina hata fimbo, kwamba jicho litakuwapo.

Zafarani alikuwa akienda sokoni kwa ajili ya nyumba, na alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, kwa hiyo kazi ya kutafuta tuligawana. Fimbo ilitoka kwa Mkude, Mkwere wa Kiwangwa aliyekuwa akileta sandarusi mjini na kukaa kivulini kwetu kungoja jua lipungue. Alituchongea kwa mti wa mkole, ule wanaotumia kwa pinde za kuwindia, akacheka sana alipoambiwa hakuna mshale. Kisigino alikichonga kwa mpingo, na safari iliyofuata akakirudia, kwa kuwa cha kwanza hakikumridhisha. Baadaye niliolewa naye, lakini hiyo ni habari nyingine na yeye mwenyewe angeisimulia kwa uongo mtamu zaidi. Pembe tulipewa na mpagazi mmoja wa Kinyamwezi kisimani. Alikuwa ametoka bara na mzigo wa watu begani, pembe kubwa zisizo zake, na mkononi kikuku chake mwenyewe cha pembe kilichopasuka njiani. Zafarani alimpa mihogo ya kuchemsha, naye akatupa kipande. Uzi wa fedha ulikuwa mabaki ya majoho ya Kaitano. Alinirushia kikunjo kizima juu ya pazia, bikizee akashtuka, akauliza nani amempiga.

Nywele zilitusumbua. Farasi mjini walikuwa wa kuhesabika na wote walikuwa na walinzi. Lakini kadhi alikuwa na punda mweupe wa Maskati, aliyefungwa nje ya msikiti kila Ijumaa, na mtoto wa kumwangalia alikuwa mlafi wa visheti. Zafarani alipeleka visheti. Mimi nilipeleka kisu. Punda alirudi nyumbani na mkia mwembamba, na ilisemekana mjini kwamba ameugua. Mkia wa punda si mrefu, kwa hiyo upinde wangu ukawa mfupi kuliko pinde za Wazungu, na mpaka leo anayejua fidla huuliza kwa nini. Jicho tulilitafuta wenyewe, maji yalipokupwa mbali. Tulivunja kombe la chaza, tukalisugua juu ya jiwe la kusagia siku baada ya siku, mpaka likawa duara, na ndani ya duara rangi zikawa zinatembea ukilipindua. Zafarani alilitia mahali pake kwa ulimbo. Nililia kidogo, na sioni haya kuliandika.

Halafu tukafanya upumbavu ambao ni sisi tu tungeufanya. Tulikuwa na nywele mkononi, nywele ndefu nyeupe, na ilikuwa siku chache kabla ya kufunzwa wimbo wa kwanza. Wasichana wa pwani tukiona nywele tunajua la kufanya. Tulizifua, tukazichana kwa chanuo, kisha Zafarani akazipaka mafuta ya nazi kuanzia ncha hadi kisigino, akazisuguasugua mpaka zikang'aa, akatia na tone la asumini. Nikauchukua upinde ukumbini, nikauweka juu ya nyuzi, nikavuta. Hapakutoka sauti yoyote. Nikavuta tena kwa nguvu. Nyuzi zilipakwa mafuta vizuri tu. Upande wa pili wa pazia Kaitano alikuwa amenusa asumini na nazi, akaelewa, akacheka mpaka bikizee akaamka na kuanza kucheka naye bila kujua sababu. Ilibidi tuzioshe kwa sabuni na majivu mara nyingi, kisha Mkude akatuletea chakazi, ile sandarusi mbichi inayotoka mtini kabla haijawa jiwe, nikazisugua nayo zikawa na ukali. Safari hii nilipovuta, sauti ilitoka ikapanda ngazi, na juu mazungumzo yakakatika.

Wiki ya arusi Bibi aliniita ukumbini na upinde. Zafarani alikuwa pale na birika la kunawia. Bibi aliugeuza upinde mikononi akautazama kwa utaratibu aliokuwa nao wa kutazama kitambaa dukani. "Pembe," akasema. "Fedha." Kisha akaniuliza kama najua siwa ya mji iko kwa nani. Nilijua. Siwa, baragumu lile la pembe, ilikaa kwa jumbe, na ilipigwa kwenye arusi za waungwana peke yao. Sisi hata tukizikwa haikutolewa. Nilijua pia kwamba hatuvai viatu, wala hatujitandi ushungi mbele ya wenye mji. Nilikuwa nimekua na mambo hayo.

"Mambo haya si ya watu wangu," alisema. "Vitoe."

Nikamweleza. Nilimwambia pembe inazuia ncha isipasuke, na ikipasuka katikati ya arusi muziki umekwisha. Nilimwambia fedha ni uzito, bila yake mkono unatetemeka na sauti inatetemeka. Alisikiliza, maana hakuwa mjinga. Kila nilichosema kina kazi, alikikubali. Kisha kidole chake kikafika kwenye jicho.

"Na hiki?"

"Ni jicho, Bibi."

"Linafanya kazi gani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema linashika msumari, au linakaza nywele, asingejua tofauti. Zafarani nyuma yake alikuwa akinikonyeza niseme lolote. "Halifanyi kazi," nikasema.

"Basi kitoe."

"Sikitoi, Bibi."

Sijui nguvu ile niliipata wapi, lakini hasira najua ilitoka wapi. Aliikubali pembe kwa sababu inafanya kazi, na fedha kwa sababu inafanya kazi, na mimi vilevile alinikubali miaka yote kwa sababu hiyo hiyo. Kitu cha kukaa tu, kizuri, bila kumtumikia mtu, hicho kilikuwa cha waungwana, na nilikuwa na kimoja, kidogo kuliko ukucha, nimekisugua mwenyewe juu ya jiwe la kusagia unga wake. Ningempa fidla. Ningempa pembe na fedha, na ncha ipasuke. Jicho nisingempa. Kunipiga alitaka, nililiona hilo, lakini alikwisha kujisifu kwa kila nyumba ya mawe mjini, na mpigaji mwingine hakuwa naye.

"Unaposhika, kidole chako cha kati hukaa wapi?" aliuliza mwisho.

"Hapo hapo juu yake."

"Basi kikae. Unapopiga nisilione, wala mtu asilione."

"Labeka, Bibi. Ninapopiga halitaonekana."

Nilitimiza ahadi hiyo neno kwa neno. Arusini, baada ya alasiri, mikeka ilitandikwa ua mzima na waungwana wakajaa mbele na manukato yao, na wajakazi nyuma kwenye mlango wa jikoni. Nilipiga, Zafarani akaimba, na kidole changu cha kati hakikuondoka mahali pake. Mwana Esha alilia vizuri kama inavyompasa bibi arusi. Bibi Mwanahawa alikaa ameinua kidevu, na haki yake ilikuwa kukiinua, kwa kuwa fidla ya namna ile haikuwa imesikika upande wa wanawake Bagamoyo. Lakini yeye alikuwa amefikiria kupiga tu. Hakufikiria kutunzwa. Wimbo ukiisha na watu wakapendezwa, huja mbele wakamtunza mpigaji kwa zawadi, na mwenye kutunzwa hupokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ni matusi, na mtumwa kumpa muungwana mkono wa kushoto mbele za watu ni zaidi ya matusi. Mkono wangu wa kulia ndio ulioshika upinde.

Wa kwanza kuja alikuwa mke wa jumbe, na kikuba, kile kifungu cha maua ya asumini na mkadi. Nikauhamisha upinde kwenda mkono wa kushoto, pamoja na fidla, nikamnyooshea wa kulia kwa heshima zote. Jua lilikuwa upande wetu. Akaliona.

"Hicho kinachong'aa ni nini?"

"Ni jicho la upinde, Bibi."

"Nani kakupa?"

"Nimelitia mwenyewe."

Vichwa vilimgeukia Bibi Mwanahawa, ambaye alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba nifunike. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli, macho yake yaliniomba, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Ningeweza kufunika. Nikauinua upinde juu zaidi, ili na wa mlango wa jikoni waone. Hapo Zafarani, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akaanza kuimba bila fidla, maneno aliyoyatunga wakati huo huo: lulu haikuuliza, kifua cha nani hiki. Akayarudia. Vigelegele vikatoka jikoni, kwanza kimoja, halafu vyote. Mke wa jumbe alikuwa bado amenyoosha mkono wenye kikuba, na hakuweza kuurudisha bila kuivunja arusi ya mwenziwe, kwa hiyo akakiacha kikaanguka kiganjani mwangu. Nilimshukuru.

Kesho yake Bibi alishuka chumbani kwetu, ambamo hajapata kuingia. Aliziba pua kwa ushungi. Akaichukua fidla mwenyewe, kisha akauliza upinde uko wapi. Zafarani alikuwa sakafuni akisuka mkeka, na sehemu iliyokwisha ameiviringisha mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Uliniambia nitajua mwenyewe, Bibi," nikamjibu. "Nami najua."

Siku hiyo hiyo nilipelekwa shambani Kiwangwa, kulima mihogo. Bibi alidhani ni adhabu, hakujua Mkude anakaa wapi. Aliyeadhibiwa ni Zafarani, aliyebaki. Alitwanga sehemu yake na yangu, akala ukoko peke yake, akaulizwa upinde mpaka waliomuuliza wakachoka. Hakunieleza habari hiyo hata mara moja. Niliipata kwa watu. Wadachi walikuja wakaenda, Waingereza wakaja, Bibi Mwanahawa akafa, tukawa watu huru kwenye karatasi baada ya kuwa huru kwa mambo mengine mengi, na upinde ukahama mkeka hadi mkeka. Kila nilipotaka kuuchukua Zafarani alisema, "Kwako kuna watoto, watauvunja." Alitaka kukaa nao tu, nami nikamwachia, kwa kuwa jicho lile lilisuguliwa na mikono minne.

Hayo ndiyo niliyomfupishia kijana. Nilimwambia mti ni wa Kiwangwa, pembe ni ya mpagazi, fedha ya Mgoa, nywele za punda wa kadhi, lulumizi ya pwani ambayo haina mwenyewe, na bibi yake alichotoa ni ruhusa, tena huku akipakwa hina. Alisikiliza kwa adabu, nakiri hilo. Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi mwake. Kisha akatabasamu, akaniuliza kwa upole, jinsi mtu anavyomuuliza mzee aliyeng'ang'ania kitu bure:

"Lakini bibi, upinde bila fidla unafanya kazi gani?"

Nikaifungua leso ya Zafarani mapajani. Nikaugeuza upinde mpaka jicho likamwelekea, na kidole changu cha kati nikakiweka kando.

"Haufanyi kazi," nikamwambia. "Kunywa kahawa, baba."